Simu ya mgodini inapita wapi mpaka ifike nyumbani?

Hapa Bunia wengi wetu tuko na kadi mbili ao tatu za SIM. Moja ni ya Vodacom juu rezo yake inafika kule mtoto anachimba, moja ni ya Airtel juu mama mkubwa anatumia ile, na ya Orange inangoja siku zile mbili zitakataa. Kwa familia ya mchimbaji hii si mapambo. Shimo ikianguka Mongbwalu, ni simu ndiyo inasema nani ametoka na nani bado. Dhahabu ikipatikana, ni simu inaleta bei ya mjini, kisha inaleta feza ya masomo. Basi inafaa tujue sauti yetu inapita wapi.

Zamani tulikuwa na phonie: mmoja anasema, mwingine ananyamaza, na mtaa mzima unasikia siri zenu. Simu ya mkononi iliingia inchi yetu miaka ya 1980 na Telecel ya Miko Rwayitare, huko Kinshasa, lakini ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Watu wa kawaida waliipata kisha mwaka 2000, wakati wa Celtel, ambayo leo ni Airtel, na Vodacom.

Wengi tunafikiri mnara unaongea na mnara mwenzake. Apana. Mnara ni sikio na mdomo tu. Akili iko kwenye santrali. Ukipiga namba, santrali inauliza: huyu anayepiga iko na inite? Yule anayetafutwa iko wapi sasa, Bunia ao Mahagi? Ni wa rezo yetu ao ya wengine? Kisha inafungua njia.

Santrali za zamani zilikuwa kitu kimoja kikubwa, cha fundi mmoja. Fikiria motopompe ambayo haikubali mpira wala vipuri vya mtu mwingine: siku inaharibika, PDG wa shimo anakuwa mtumwa wa muuzaji. Ndivyo kampuni za simu zilivyokuwa. Mwaka 2001 wahandisi wa 3GPP, wale wanaoandika kanuni za simu za mkononi kwa dunia nzima, walitoa kanuni mpya iliyogawa santrali vipande viwili: kichwa kinachoamua, na mikono inayobeba sauti. Kichwa kinaweza kubaki mbali, mikono ikawekwa karibu na watu.

Faida yake ni nini kwa mtu wa Mongbwalu? Kutoka kule mpaka Bunia ni kama kilometa 80. Kama mikono yote iko Kinshasa, sauti inaenda zaidi ya kilometa 1 700 kisha inarudi. Kama inapita kwa satelaiti, inapanda kilometa 36 000 na kushuka tena. Safari moja ya kupanda na kushuka inakula robo ya sekunde. Ndiyo maana wakati mwingine unasema « allô » na mwenzako anasema « allô », mnagongana. Mikono ikiwa karibu, sauti inageuka hapa hapa, na kampuni inalipa njia ndogo.

Ili vipande vya mafundi mbalimbali vielewane, lazima kanuni ziwe wazi, kila mtu azisome. Ni kanuni hizo pia zinafanya namba ya 081 ifikie ya 099. Lakini kanuni inafungua mlango tu; malipo ni jambo lingine. Rezo moja ikipokea simu ya rezo ingine, inalipisha. Hapo ndipo bei ya kupigia rezo ingine inatokea, na ndiyo kazi moja ya ARPTC, iliyoundwa na sheria ya 2002: kuangalia mapatano hayo.

Uwazi huo umefika mbali. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Mark Spencer, hakuwa na feza ya kununua santrali kwa kampuni yake ndogo. Aliandika programu yake, Asterisk, akaitoa bure. Leo ordinateri ya kawaida inaweza kuwa santrali ya ofisi ao hospitali. Mwaka 2019 Vodafone, wazazi wa Vodacom, walitangaza kwamba watajaribu minara ya vipande vya wazi hata Kongo yetu.

Lakini tusidanganyane. Kanuni ya wazi haileti mazutu. Mnara usio na moto ni chuma tu. Tena, mafundi wakiwa wengi, siku ya kuharibika kila mmoja anasema: « Si mimi, ni yule. » Kampuni lazima iwe na wahandisi wake wanaojua kuunganisha.

Basi, siku kampuni inakuja kwa chef wa kijini kuomba fasi ya mnara, tusiulize kodi ya kiwanja peke yake. Tuulize: moto utatoka wapi, jua ao grupu? Batri zinashika saa ngapi usiku? Njia ya sauti ikikatika, kuna ya pili? Kipande kikiharibika, fundi anatoka Bunia ao tunangoja ndege? Maulizo hayo hayaombi diploma. Na jibu lake ndilo litaonekana usiku ule shimo itaanguka, mama akiwa na simu mkononi.