Mpanda Baiskeli na Alama ya Kusimama

Mnamo mwaka 1982 jimbo la Idaho, huko Marekani, lilipitisha sheria ambayo haikuigwa na jimbo jingine lolote kwa muda wa miaka 35. Mpanda baiskeli afikapo penye alama ya kusimama aliruhusiwa kupunguza mwendo, kutazama, na kupita bila ya kusimama kabisa, madhali hakuna mwenye haki ya kumtangulia. Akiwapo, ni lazima ampishe. Dereva wa gari alibaki na wajibu wake wa kusimama.

Je, huo ni upendeleo? Mtu na baiskeli yake, wenye tungamo la kilo 80, wakienda mita 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa, wana nishati mwendo ya jouli 1,000. Breki huigeuza yote kuwa joto, nalo joto halirudi miguuni. Akanyagaye kwa nguvu ya wati 100 huhitaji sekunde 10 kuizalisha upya. Dereva hukanyaga mafuta tu. Lakini nishati hufuata mraba wa kasi: apunguzaye mwendo hadi nusu amekwisha kupoteza robo tatu ya nishati hiyo. Hivyo hoja ya uchovu, ingawa hupendwa na watetezi wa sheria hiyo, ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wakati, kwani hatari kubwa imo ndani ya njia panda. Barabara ikiwa na upana wa mita 10, aanzaye kutoka hali ya kusimama, kwa mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kwa sekunde, huivuka kwa sekunde 4.5 hivi. Aingiaye kwa mita 2.5 kwa sekunde, mchapuko ukiwa uleule, huivuka kwa sekunde 2.6. Wanafunzi wahakiki kwa mlinganyo s = ut + ½at².

Hesabu hiyo, hata hivyo, yadhania kwamba mpandaji ameona pande zote mbili mapema. Penye ukuta au kichaka pembeni, hana budi kusimama.

Jimbo la Delaware lilifuata mwaka 2017. Katika miezi 30 iliyofuata, ajali za baiskeli kwenye njia panda zenye alama hiyo zilipungua kwa asilimia 23, zikilinganishwa na miezi 30 iliyotangulia. Tokeo la kutia moyo, ingawa jimbo moja dogo halitoshi kuthibitisha chanzo. Watunga sheria wa huko waliweka na mpaka: ruhusa hiyo haihusu barabara yenye njia zaidi ya mbili za magari. Huko mpanda baiskeli husimama kama wengine.