Kumbukumbu za Ukaguzi Zinavyosaidia Kubaini Kazi za Kutiliwa Shaka Katika Klasta za Kontena

Mifumo mingi ya TEHAMA inayotoa huduma kwa umma haitegemei tena seva moja. Programu hugawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo kontena, na kontena hizo husambazwa katika kundi la seva linalojulikana kama klasta. Uratibu wa klasta hufanywa na programu maalumu, ambapo inayotumika zaidi duniani ni Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014 na kutolewa toleo lake la kwanza kamili Julai 2015.

Utaratibu huu huwezesha kazi mpya kuanzishwa katika klasta ndani ya sekunde chache. Hata hivyo, wepesi huo humnufaisha pia mhalifu aliyepata njia ya kuingia, kwa kuwa naye anaweza kuanzisha kazi zake kwa kutumia seva na umeme wa taasisi, na wakati mwingine kuzifikia taarifa za wananchi.

Februari 2018, kampuni ya usalama wa mtandao ya RedLock ilieleza kuwa wahalifu waliingia katika klasta ya kampuni ya Tesla ya Marekani kupitia ukurasa wa usimamizi usiokuwa na nywila, wakaanzisha programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Aidha, Aprili 2023 kampuni ya Aqua Security ilichapisha taarifa ya shambulio ambalo wahalifu walitumia klasta zilizoruhusu maombi ya watu wasiotambuliwa. Walijitengenezea akaunti yenye mamlaka makubwa na kuipa jina la kube-controller, linalofanana na majina ya vipengele halali vya mfumo, kisha wakaanzisha kazi za kuchimba sarafu katika kila seva.

Kinachoandikwa katika kumbukumbu

Kila ombi la kuanzisha, kubadilisha au kufuta kazi katika Kubernetes hupitia seva kuu ya udhibiti. Seva hiyo inaweza kuandika kumbukumbu ya ukaguzi inayoonesha nani aliomba, aliomba nini, lini, kutoka anwani ipi ya mtandao, na iwapo alikubaliwa au alikataliwa.

Kumbukumbu hizo hazijiandiki zenyewe. Msimamizi anapoendesha seva hiyo mwenyewe bila kuiwekea sera ya ukaguzi, hakuna tukio litakaloandikwa. Vilevile, zipo ngazi tofauti za uandishi. Ngazi ya chini huonesha kuwa mtu fulani alianzisha kazi, lakini haioneshi maudhui ya ombi lake. Ili kujua kazi hiyo ilitumia programu gani na iliomba mamlaka gani, ni lazima maombi ya kuanzisha kazi yaandikwe katika ngazi inayobeba maudhui. Kinyume chake, maombi yanayohusu nywila na funguo za siri yabaki katika ngazi ya chini, vinginevyo siri hizo zitaandikwa ndani ya kumbukumbu zenyewe.

Dalili za kuangaliwa

Dalili ya kwanza ni mahali. Sehemu ya klasta iitwayo kube-system imetengwa kwa ajili ya vipengele vya mfumo wenyewe. Kazi mpya inayoanzishwa humo nje ya matengenezo yaliyopangwa inapaswa kuhojiwa.

Ya pili ni mamlaka. Kazi ya kawaida haihitaji kusoma mafaili ya seva inayoibeba, kutumia mtandao wa seva hiyo moja kwa moja, wala kuendeshwa kwa haki zote za msimamizi. Ombi lenye masharti hayo linaweza kuwa hatua ya kutoka ndani ya kontena na kuitawala seva nzima.

Ya tatu ni asili ya programu. Taasisi yenye orodha ya maghala ya programu iliyoyaidhinisha itatambua mara moja programu iliyotoka kwingineko.

Ya nne ni mwombaji. Jina system:anonymous likionekana katika ombi la kuanzisha kazi lililokubaliwa, maana yake ni kwamba mtu asiyetambuliwa amefunguliwa mlango. Mfululizo wa maombi yaliyokataliwa, ukifuatiwa na moja lililokubaliwa, nao huashiria mtu anayejaribu vitasa.

Tahadhari katika uchunguzi

Mchunguzi asiishie kwenye jina la kwanza analoliona. Mara nyingi kontena huanzishwa na kipengele cha ndani cha mfumo kinachotekeleza agizo la mtu mwingine, hivyo kumbukumbu hubeba jina la mtekelezaji. Ni lazima kurudi nyuma hadi kwenye ombi la awali ili kumpata aliyeagiza.

Kumbukumbu hizi pia zina mipaka. Huonesha kuwa mtu aliomba kuingia ndani ya kontena, lakini haziandiki kila alichokifanya baada ya kuingia. Kwa sababu hiyo, zinahitaji kuambatana na ufuatiliaji wa matumizi ya kichakato na mawasiliano ya mtandao.

Wajibu wa taasisi

Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa ni kosa, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda. Bila kumbukumbu, ni vigumu kuthibitisha kosa au kueleza ni taarifa zipi zilizofikiwa.

Hivyo, taasisi zenye klasta zinapaswa kuwasha ukaguzi, kuhamishia kumbukumbu nje ya klasta ili mvamizi asizifute, kufahamu mwenendo wa kawaida wa kazi zao, na kumteua mtumishi wa kupokea na kufuatilia tahadhari. Kumbukumbu isiyosomwa na mtu haiwezi kuzuia uhalifu.