Vitenzi Virai vya Kiingereza na Mnyambuliko wa Kiswahili: Mifano kutoka Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini ya Dar es Salaam

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna maana zinazobebwa na vitenzi virai vya Kiingereza zinavyojitokeza katika vitenzi vya Kiswahili. Inadaiwa kwamba sehemu kubwa ya maana hizo hukaa ndani ya mzizi au katika viambishi vya mnyambuliko, na kwamba ufundishaji unaotafsiri kijineno cha Kiingereza kwa neno la mahali humpotosha mwanafunzi.

1.0 Utangulizi

Kitenzi kirai cha Kiingereza huundwa na neno la kitendo likifuatwa na kijineno kimoja au viwili, kama vile 'up', 'down', 'off', 'out' au 'in'. Mara nyingi maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Ugumu wake kwa wajifunzaji, wakiwemo wazungumzaji wa Kihispania, unafahamika sana.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967, ilhali sekondari zimeendelea kutumia Kiingereza. Hivyo basi, mwanafunzi wa Bagamoyo hukutana na vitenzi hivi katika vitabu vya masomo yote, si katika kipindi cha Kiingereza tu. Katika kemia huagizwa 'carry out an experiment'. Katika fizikia husoma kwamba kitu 'gives off heat'. Katika historia huambiwa kwamba vita 'broke out' mwaka 1914. Anayedhani kwamba 'carry out' ni kubeba kitu nje aweza kushindwa swali la kemia ilhali kemia yenyewe anaijua.

2.0 Mwelekeo Ndani ya Mzizi

Leonard Talmy, katika kazi zake za 1985 na 1991, ameonyesha kwamba lugha hutofautiana kwa mahali zinapoweka maana ya njia ya mwendo. Kiingereza huweka namna ya mwendo katika kitenzi na njia katika kijineno: 'run in', 'swim out', 'climb down'. Kihispania huweka njia katika kitenzi chenyewe: 'entrar', 'salir', 'subir', 'bajar'. Kiswahili kimo katika kundi la Kihispania: ingia, toka, panda, shuka. Namna ya mwendo huongezwa baadaye, kama katika 'aliingia mbio' au 'alitoka akikimbia'.

Historia ya kamusi za pwani inasaidia kulieleza jambo hili. Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyefanya kazi Bagamoyo na Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, alikuwa na lugha yenye vitenzi vya aina hiyohiyo: 'entrer', 'sortir', 'descendre'. Mwingereza ana njia mbili: 'go in' ya mazungumzo, na 'enter' iliyotoka Kifaransa. Mswahili huvutwa na hiyo ya pili, kwa kuwa yalingana na 'ingia' neno kwa neno. Dagut na Laufer (1985) waliona mwelekeo kama huo kwa wazungumzaji wa Kiebrania, ambao walikwepa vitenzi virai na kuchagua kitenzi kimoja. Mwongoza watalii anayewaambia wageni 'descend from the boat' badala ya 'get off the boat' hueleweka. Hata hivyo, usemi wake huwa kama wa mtu asomaye tangazo.

3.0 Jozi za Kutenda na Kutendua

Eneo lenye utajiri zaidi ni lile la vitenzi vya kuweka na kuondoa. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. anika – anua: 'put out to dry' – 'take in'
b. angika – angua: 'hang up' – 'take down'
c. bandika – bandua: 'stick on' – 'peel off'
d. tweka – tua (tanga): 'put up' – 'take down'

Katika (1a) hadi (1c) mzizi ni mmoja. Kinachobadilika ni kiambishi. Kiambishi -ik- hapa si kile cha kauli ya kutendeka, bali huonyesha kukiweka kitu katika hali fulani. Kiambishi -u- cha kutendua hukiondoa katika hali hiyo. Mfano (1d) nao waelekea kuwa wa jozi hiyo, ingawa mabadiliko ya sauti yamefunika mpaka wa viambishi.

Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, mwani huvunwa na kuanikwa juani. Wingu likitanda, husemwa 'Anueni mwani!' Kauli hiyo haina neno 'ndani', wala haihitaji. Msikilizaji anajua kwamba mwani ulikuwa umeanikwa na sasa unakusanywa. Kiingereza hulazimika kutumia 'in'. Jikoni nako chungu huteleka na kuepuliwa. Vitenzi hivi havina mzizi mmoja, lakini uhusiano wao wa maana ni uleule wa 'put on' na 'take off'.

Inafuata kwamba 'on' na 'off', au 'up' na 'down', zafaa kufundishwa kwanza kama jozi ya kutenda na kutendua, kabla ya kuitwa 'juu' na 'chini'. Aidha, ulinganifu huu una mipaka yake. Bomu linapo-'go off' hulipuka, na maziwa yanapo-'go off' huchacha. Hapo hakuna kilichotenduliwa.

4.0 Kauli ya Kutendea

Kundi la pili hutegemea kauli ya kutendea:

(2) a. hama – hamia: 'move out' – 'move in'
b. kimbia – kimbilia: 'run away' – 'run to'
c. pita – pitia: 'pass by' – 'go over'
d. ingia – ingilia: 'go in' – 'cut in'

Katika (2a) na (2b) kiambishi hugeuza uelekeo kutoka mahali pa kuondokea kwenda mahali pa kufikia. Katika (2c) na (2d) maana imesogea mbali zaidi na mwendo: mwalimu hupitia madaftari bila kuinuka kitini. Kiswahili pia kina usemi unaokaribia sana kijineno cha Kiingereza, yaani kauli ya kutendea ikifuatwa na 'mbali': 'tupia mbali' ni 'throw away'. Katika 'potelea mbali' neno hilo halitaji umbali wowote. Laonyesha ukomo, kama 'up' ya 'use up' isivyohusiana na juu.

5.0 Nahau na Nafasi ya Yambwa

Zipo maana zisizokisiwa: 'give up' ni kukata tamaa, 'put off' ni kuahirisha, 'bring about' ni kusababisha. Hata hapa mwanafunzi hakosi msingi. Asemaye 'piga mbizi', 'piga pasi' na 'piga simu' anajua tayari kwamba kitenzi chaweza kupoteza maana yake ya asili.

Kiingereza cha Afrika Mashariki kinajulikana kwa 'pick me at six' badala ya 'pick me up', na 'cope up with' badala ya 'cope with'. La kwanza laweza kuelezwa kwa 'nichukue', lisilo na kijineno; la pili ni mlinganisho na 'keep up with'.

Kuhusu yambwa, kiwakilishi hukaa kati ya kitenzi na kijineno: 'take it down', si 'take down it'. Kwa Mswahili kanuni hii si ngeni kabisa. Nahodha akisema 'Litue!', kiambishi -li- cha tanga kimo ndani ya kitenzi, si baada yake.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kazi ya kijineno cha Kiingereza hufanywa katika Kiswahili na mzizi, viambishi vya kutendua na kutendea, au nahau. Kumpa mwanafunzi orodha ya vitenzi virai akariri kwa kufuata alfabeti ni kuuficha utaratibu huo. Yafaa vitabu na kamusi za wanafunzi zivipange kwa makundi ya maana yaliyojadiliwa, na kuanza na jozi ambazo mtoto wa pwani amezisikia jikoni, ufukweni na chomboni. Kiswahili chake, ambacho mara nyingi huhesabiwa darasani kuwa chanzo cha makosa, ndicho kingetumika kuyaeleza na kuyapunguza.