MUHOGO MCHUNGU UNA SUMU

Ndugu mkazi wa Nsambya,

Muhogo unatulisha, lakini muhogo mchungu una sumu kali iitwayo sianidi, katika mizizi, maganda na majani. Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua kwa kula unga wa muhogo. Wawili walikufa.

Fanya hivi:

1. Menya muhogo mchungu, uuloweke siku tatu mpaka ulainike. Mwaga maji hayo mbali na mifugo. Uanike juani hadi ukauke kabisa, ndipo usage. Kuuchemsha au kuuchoma tu hakutoshi.
2. Ukinunua unga, muulize muuzaji kama muhogo ulilowekwa. Unga mchungu usiupike.
3. Sombe itwange vizuri, uichemshe bila kifuniko.
4. Usimpe mbuzi maganda wala majani mabichi. Yaanike kwanza.

Dalili huanza saa chache baada ya kula: kutapika, kuumwa tumbo au kichwa, kizunguzungu, kupumua kwa shida. Usingoje! Mpeleke mgonjwa hospitali yo yote iliyo karibu, na uchukue unga uliobaki ili daktari auone.

Njaa haina subira, lakini siku tatu za kuloweka huokoa maisha.