Mtoto mrefu wa Mabanga: watafuta vipaji vya basketi wanaangalia nini, na mzazi aulize nini?

Huko Mabanga, kijana wa miaka 15 akishapita mita 1 na 90, majirani wanaanza kumuita jina lingine. «Uyu njo wa NBA,» wanasema. Mmoja anamchukua video kwa simu, anaituma kwa ndugu aliye ngambo, na baada ya siku kidogo simu inaita nyumbani: eti kuna shule huko Marekani inamtaka mtoto. Baba anafurahi. Mama anauliza: huyu anayeita ni nani, na amemuona mtoto wapi?

Swali la mama ndilo la kwanza. Makala hii inaeleza namna kipaji cha basketi kinavyotafutwa, hasa kwa wachezaji warefu wa namba 4, na mambo ambayo familia inapaswa kuyajua kabla ya kukubali safari.

Ndoto hii si ya uongo

Jonathan Kuminga alizaliwa hapa Goma tarehe 6 Oktoba 2002. Mwaka 2016 alikwenda Marekani akiwa angali mtoto, ili asome na kucheza. Alipita shule tatu katika majimbo matatu: Huntington Prep huko West Virginia, Our Savior New American huko New York, na The Patrick School huko New Jersey. Mwaka 2021 Golden State Warriors walimchagua akiwa wa 7 kati ya vijana wote wa mwaka huo. Mwaka 2022 akawa bingwa wa NBA pamoja nao.

Miaka 10 kabla yake, mwaka 2011, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa naye akiwa wa 7. Njia yake ilikuwa nyingine. Kocha Mreno Mário Palma alimuona kwenye mashindano ya vijana huko Mashariki ya Kati, kisha akafika Uhispania, klabu ya Fuenlabrada.

Wote wawili ni warefu. Lakini vijana warefu ni wengi, hapa kwetu na duniani, na wengi wao hawaitwi na mtu. Kwa nini?

Namba 4 ni kazi gani?

Kwenye basketi namba 4, yule Wafaransa wanamuita ailier fort, anasimama kati ya mrefu kabisa wa chini ya kikapu, namba 5, na wale wa pembeni. Zamani kazi yake ilikuwa kupigana chini ya kikapu: kuokota rebondi, kusukumana, kufunga kwa karibu. Leo anaombwa zaidi. Atupe mpira kutoka mbali kwa pointi 3, apige dribule mpaka mbele, na kwenye ulinzi aweze kumfuata hata mdogo mwenye mbio.

Ndiyo maana mtafuta vipaji hatazami kimo peke yake. Anapima mikono iliyotandazwa. Biyombo ana mita 2 na 6 hivi, lakini mikono yake ikifunguka inapita mita 2 na 25. Anaangalia miguu: je, mtoto anaweza kuteleza kushoto na kulia bila kuvuka miguu? Anaangalia kama anashika pase ya nguvu kwa mara ya kwanza. Kwenye rebondi, anaangalia kama anamziba mpinzani kwa mgongo kabla mpira haujagusa chuma, ama anasubiri tu aruke.

Pointi hazimdanganyi. Kijana wa mita 2 akifunga pointi 30 mbele ya watoto wa mita 1 na 75, hilo halionyeshi mengi. Mtafuta vipaji mwenye kazi yake anataka kumuona dhidi ya warefu wenzake, na zaidi ya mara moja. Video ya dakika mbili yenye mabao tu haimtoshi. Anaomba mechi nzima, aone pia pale mtoto anapokosea. Je, anarudi mbio kwenye ulinzi, ama anabaki analalamikia arbitre? Kocha akimtoa, anasikiliza ama anakunja uso?

Wanachagua kesho

Kuna jambo linaloshangaza wengi. Kabla ya kuchaguliwa, Kuminga alicheza mechi 13 na timu ya G League Ignite. Alipata wastani wa pointi 15.8 na rebondi 7.2. Si mbaya. Lakini kwenye mitupo ya mbali aliingiza karibu moja tu kwa kila nne. Timu ziliona hiyo kasoro, na bado akawa wa 7. Alikuwa na miaka 18, mwili wa mtu mzima, na walihesabu kwamba mtupo unaweza kufundishwa.

Kwa hiyo umri ni sehemu ya bei. Kosa la mtoto wa miaka 16 linahesabiwa kuwa litarekebishwa. Kosa lile lile kwa kijana wa miaka 22 linahesabiwa kuwa ndivyo alivyo. Na hapa ndipo wengine wanashawishiwa kupunguza miaka kwenye makaratasi.

Ni hatari kubwa. Tarehe 9 Aprili 2011, huko Portland, Biyombo alicheza mechi ya Nike Hoop Summit na kupata pointi 12, rebondi 11 na kontre 10. Badala ya sifa tupu, maswali yakaanza: kweli ana miaka 18? Yeye na watu wake walijibu kwamba ndiyo, na timu zikamchagua hata hivyo. Lakini shaka ile inamgusa kila mtoto wa Congo anayekuja nyuma, hata yule ambaye makaratasi yake ni ya kweli.

Sheria ya Congo inaruhusu mtoto aandikishwe komini bila malipo ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali ili ipatikane hukumu inayochukua nafasi ya cheti. Familia ambayo haikuandikisha ifanye hivyo mapema, kabla mtu yeyote wa basketi hajaingia kwenye mambo ya nyumba. Tarehe kwenye cheti, kwenye buletini ya shule na kwenye paspoti iwe moja.

Simu ikiita, uliza haya

Shule ni ipi? Kwa kusoma Marekani, ni shule yenyewe inayotoa karatasi inayoitwa I-20, na ni lazima iwe shule iliyoruhusiwa na serikali ya Marekani kupokea wageni. Bila karatasi hiyo hakuna visa ya mwanafunzi. Kwenye sekondari za serikali za huko, mwenye visa ya namna hii hawezi kuzidisha miezi 12, na gharama inalipwa. Ndiyo sababu wengi wanapelekwa shule za kibinafsi. Basi uliza: minervali inalipwa na nani, mpaka mwaka gani? Jibu liandikwe.

Mtoto atalala kwa nani? Akiumia goti, nani atalipa hospitali, na masomo yataendelea? Akibadilishwa shule, mzazi ataulizwa kwanza? Kuminga alipita shule tatu kabla ya kumaliza sekondari. Paspoti atabaki nayo nani?

Anayeita anapata nini? Akiomba pesa za «dosie» mbele, simama. Akileta mkataba wa kumpa asilimia ya pesa za mtoto za baadaye, usisaini. Mkataba na ajenti unaweza kumfungia mtoto mlango wa kuchezea vyuo vikuu vya Marekani.

Kama ni klabu ya ngambo, sheria ya FIBA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama inchi, isipokuwa kwa sababu za pekee. Lazima pia barua ya ruhusa kutoka shirikisho la inchi, FEBACO. Anayesema barua hiyo si lazima, anadanganya.

Kwa wakaaji wa Goma kuna mzigo wa juu yake. Tangu uwanja wa ndege ufungwe mwishoni mwa Januari 2025, hata kufika Kinshasa kwenye ambasade ni safari ndefu na ya bei. Mtu akija akisema «mimi nitapanga yote, leteni tu pesa», familia iliyochoka inamsikiliza haraka.

Buletini nayo inachezwa

Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, daraja la kwanza la NCAA, vinadai mwanafunzi awe amemaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani usiopungua 2.3 kwenye 4. Mtoto anayeacha darasa ili afanye mazoezi asubuhi na mchana anajifungia njia yeye mwenyewe. Hapa Goma, Promo Jeune Basket, iliyoanzishwa mwaka 2006, imejulikana kwa kuunganisha mpira na elimu, kwa wavulana na kwa wasichana.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto mrefu asingoje simu. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari. Buletini za kila mwaka zitunzwe mahali pakavu. Kocha aombwe kurekodi mechi nzima, mbili ama tatu. Mtafuta vipaji wa kweli ataomba hivyo vitu vitatu. Na kama hakuna anayekuja, mtoto atabaki na cheti chake, na masomo yake yatamfikisha kwenye egzameni ya serikali kama wenzake.