Shairi Lasemwa, Jazi Yaitikia

Miaka sita iliyopita mpwa wangu aliniletea daftari la mashairi yake. Nilitafuta vina, sikuviona. Nikahesabu mizani: mshororo wa kwanza saba, wa pili kumi na tisa, wa tatu neno moja tu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika chini, "Hili si shairi." Kijana akalipokea daftari kwa mikono miwili, kama alivyolelewa, wala hakunionyesha tena utungo wake.

Mwezi uliopita nilimtembelea Ruiru, anakofanya kazi. Jumamosi asubuhi akaniambia, "Mjomba, twende Thika ukaone maporomoko." Tulipoingia Barabara Kuu ya Thika alifungulia simu yake katika spika za gari, na mara nikasikia mtu mzima akizungumza Kiingereza taratibu, na nyuma yake vyombo vikipigwa.

"Huyu anaimba au anahutubu?" nikauliza.

"Anasoma mashairi yake, mjomba. Msikilize."

Alikuwa Langston Hughes, malenga Mmarekani Mweusi, katika santuri ya *Weary Blues* iliyorekodiwa New York mwaka 1958. Upande mmoja wa santuri ile muziki uliongozwa na Charles Mingus, mpigaji wa besi kubwa ya kusimamisha, kama zile za vikundi vya taarabu Unguja. Tena jazi hii si ile ya magitaa ya kuchezea dansi tuliyoizoea kwa Morogoro Jazz au Tabora Jazz. Hii husikilizwa mtu amekaa.

Hughes si mgeni kabisa kwetu. Mwezi wa Juni 1962 alifika Makerere, katika mkutano wa waandishi wa Kiafrika. Lakini ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakualikwa. Basi sauti hizo mbili hazikukutana.

Hata tukapita Juja, sikuwa nimeonja utamu wowote. Nilikuwa nikihesabu mizani kwa vidole. Kisha nikaona jambo. Mzee yule akitua, saksafoni huingia. Akianza tena, saksafoni humpisha. Nikakumbuka chuoni, mwalimu akitufundisha mahali pa kuvuta na mahali pa kusimama, kwani asiyejua kusimama huharibu maana. Sisemi kisomo na muziki ni kitu kimoja, astaghfirullahi; nasema sikio langu lilikwisha kufundishwa kusikiliza kimya, nami nikalisahau somo hilo.

Tulisimama kwenye hoteli ya Blue Post, pale mito ya Chania na Thika inapoporomoka kila mmoja kwa upande wake kabla ya kukutana. Nikataka kujaribu. Nikamwomba kijana anitafutie jazi isiyo na maneno, nikaghani juu yake shairi langu, mizani nane kwa nane, kwa mahadhi ya Mvita. Halikukaa. Shairi langu lilikwenda na ngoma yake, na besi ikaenda na yake, kama wapagazi wawili wenye mzigo mmoja na hatua mbalimbali.

Kisha yeye akasema lake, bila karatasi. Nililitambua: ni lile la daftari. Alipofika kwenye neno lile moja, akanyamaza, na chombo kikajaza pale nilipopaona pana upungufu. Kumbe hakushindwa kuumaliza mshororo. Aliacha nafasi ya mwitikiaji.

Ugomvi huu si mpya. *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, wengi wetu wa pwani tulikipima kwa mizani na vina, tukakikataa. Mimi vina sijaviacha, wala sitaviacha. Shairi la kwetu hubeba muziki wake ndani; hili jingine huuachia mlango muziki uingie. Kulipima la pili kwa kipimo cha la kwanza si haki. Na sisi watu wa Muyaka tulipaswa kulijua hilo mapema, kwani mashairi yake yalikaa vifuani na masikioni mwa watu miaka mingi baada ya kufa kwake, kabla ya *Diwani ya Muyaka* kuchapwa mwaka 1940. Aliyeyapokea kwa sikio hakuhukumu kwa jicho.

Tulipokuwa tukirudi Ruiru nikamwambia, "Mwanangu, niletee lile daftari nilisome upya."

Akatazama barabara. "Nilikwisha kulichoma, mjomba, juma lilelile. Hilo moja ndilo nililokuwa nimelihifadhi moyoni."

"Na mengine?"

"Nimeyasahau."

Ndugu zangu malenga, mnaoletewa madaftari na vijana: kabla hamjashika kalamu nyekundu, mwambieni kijana asome, nanyi msikilize.