Leza ya kujitengenezea inapofifia, usikimbilie kuongeza umeme

KALAMU ya leza ni miongoni mwa vifaa vya kwanza ambavyo mwanafunzi mwenye hamu ya elektroniki hujaribu kujitengenezea. Kutoka Laiser Hill hadi Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, mahitaji yake hayako mbali: diodi iliyong'olewa katika mtambo mkuukuu wa DVD au kununuliwa katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, betri mbili, rezista moja na lenzi ndogo.

Laiser, kwa hakika, ni jina la ukoo wa Wamaasai, ukoo ambao ndani yake hutoka malaibon kama vile Lenana. Halina uhusiano na leza, mwanga uliozalishwa kwa mara ya kwanza na mwanafizikia Theodore Maiman nchini Marekani mnamo Mei 16, 1960. Leza ya diodi, ambayo ndiyo mama wa kalamu hizi, ilifuata mwaka wa 1962.

Tatizo linalowasumbua wengi ni hili: kifaa kimekamilika, swichi imebonyezwa, lakini badala ya nukta kali ukutani panaonekana wekundu hafifu tu. Wengi huamua papo hapo kwamba diodi imeungua, au huongeza betri ya tatu. Uamuzi wa kwanza huenda ukawa na makosa. Wa pili ni hatari.

Ili kuelewa sababu, ni muhimu kujua kwamba diodi ya leza haifanyi kazi kama balbu. Ina kiwango fulani cha mkondo wa umeme ambacho isipokifikia, hutoa mwanga dhaifu uliotawanyika kama wa taa ya LED. Ikikivuka, mwanga huruka ghafla na kuwa leza. Kwa diodi nyingi ndogo nyekundu za miliwati 5, kizingiti hicho huwa kati ya miliampea 10 na 30.

Tuchukue mfano wa betri mbili mpya zenye jumla ya volti 3. Diodi nyekundu hutumia takriban volti 2.2, hivyo volti 0.8 hubakia kwenye rezista. Ikiwa rezista ni ya ohm 33, mkondo utakuwa miliampea 24. Betri zikichoka na kushuka hadi volti 2.6, rezista hubakiwa na volti 0.4 pekee, na mkondo hupungua hadi miliampea 12. Kupungua kidogo kwa volteji kumepunguza mkondo kwa nusu, na yamkini leza imeshuka chini ya kizingiti chake. Diodi ni nzima kabisa. Kilichochoka ni betri.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi uanzie kwenye betri. Zipimwe kwa mita wakati kifaa kimewashwa, kwani betri dhaifu huonyesha volteji nzuri inapokuwa haina kazi. Kisha kaguliwe springi, swichi na viungo vilivyochomewa kwa risasi. Kutu au kiungo kilicholegea huzuia umeme kama rezista ya ziada. Baada ya hapo, ipimwe volteji iliyo kwenye rezista na kugawanywa kwa ohm zake. Jibu ndilo mkondo unaopita katika diodi, na mkondo huo ndio wa kulinganishwa na maelezo ya muuzaji.

Mkondo ukiwa sawa, mshukiwa wa pili ni lenzi. Mwanga hutoka katika diodi ukiwa umetawanyika kwa umbo la yai, na lenzi ndiyo huukusanya. Vumbi, ambalo wakazi wa Kajiado wanalijua vyema wakati wa kiangazi, au alama ya kidole huweza kuutawanya. Lenzi iliyo mbali au karibu mno na diodi hutandaza mwanga uleule mahali pakubwa, ukaonekana hafifu. Izungushwe polepole, boriti ikielekezwa kwenye ukuta usiong'aa.

Mshukiwa wa tatu ni joto. Diodi inapopata moto, kizingiti chake hupanda na mwanga hupungua. Leza inayoanza vyema, ikafifia baada ya dakika moja, kisha ikarejelea hali yake ikipoa, haijaungua. Inahitaji kushikizwa ndani ya kipande cha shaba au alumini kitakachofyonza joto.

Pia haifai kulinganisha rangi tofauti. Jicho la binadamu huona mwanga wa kijani wa nanomita 532 kwa ukali wa takriban mara nane kuliko mwekundu wa nanomita 650 wenye nguvu sawa. Leza nyekundu iliyo nzima huonekana maskini kando ya ya kijani.

Je, ni dalili zipi zinazothibitisha kwamba diodi imeharibika? Ya kwanza ni mkondo kuwa wa kawaida ilhali mwanga ni dhaifu na umetawanyika hata baada ya lenzi kurekebishwa. Ya pili huonekana ukutani: nukta ya leza halisi huwa na chembechembe zinazometameta, ilhali mwanga wa diodi iliyoharibika huwa laini kama wa taa ya kawaida. Ya tatu ni kukosekana kwa ule mruko wa ghafla. Mkondo ukiongezwa kidogo kidogo bila kupita kiwango cha mtengenezaji, diodi nzima hung'aa ghafla. Iliyoharibika huongezeka polepole tu.

Kinachoharibika ni nyuso mbili ndogo za fuwele ambazo hufanya kazi kama vioo. Mkondo uliozidi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho unatosha kuziunguza. Vilevile umemetuli wa mwilini, hasa wakati wa ukavu kwa aliyevaa sweta, huweza kuiua diodi kwa kuigusa tu. Kuunganisha nyaya kinyume au kuunganisha diodi kwenye saketi ambayo kapasita yake bado ina chaji huleta maafa yayo hayo. Fundi mwangalifu hugusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuishika, na huzifunga nchi zake pamoja kwa waya mwembamba hadi kazi ya kuchomea iishe.

Diodi iliyofikia hali hiyo haitengenezeki. Kuiongezea umeme hakutarudisha leza, kutaimaliza tu. Dawa ni kununua nyingine.

Hata hivyo, suala zito zaidi ni usalama wa macho. Mwanga hafifu si ithibati kwamba leza ni dhaifu. Diodi ya mtambo wa CD hutoa miali ya infraredi ya nanomita 780, ambayo jicho huiona kama wekundu wa mbali, ilhali ya mtambo wa kuandikia diski huweza kuwa na nguvu ya zaidi ya miliwati 100. Aliyeing'oa akidhani ni ya DVD anaweza kuamini kwamba imeharibika, na kuchungulia ndani.

Leza za kijani za bei nafuu pia zina hila hiyo. Mnamo 2010, watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walieleza kuhusu kalamu ya kijani iliyokuwa na mwanga hafifu, lakini ikitoa takriban miliwati 20 za miali ya infraredi. Kwa kuwa miali hiyo haionekani, jicho halipepesi kujikinga, na lenzi ya jicho huikusanya yote kwenye retina. Kidonda cha retina hakirekebishwi kwa miwani.

Kwa hivyo, leza ichunguzwe kwa kutazama nukta yake kwenye karatasi nyeupe, kamwe si kwa kuchungulia tundu lake. Vioo na vitu vinavyong'aa viondolewe mezani, na walimu wanaosimamia vilabu vya sayansi wahakikishe kuwa diodi ambayo asili yake haijulikani haiwashwi darasani. Diodi mpya hupatikana dukani. Jicho halina duka.